Mnyama wa Mwisho Ukutani

Mwanamke mmoja alikuwa na mjukuu asiyesema. Mwanamke aliitwa Namkunda, na mjukuu aliitwa Nakiete. Mama wa mtoto alikuwa amefariki, baba alikuwa ameoa mbali, na hivyo wale wawili waliishi peke yao katika kijiji cha mlimani, mahali ambapo ukungu hupanda asubuhi kutoka bondeni, hukaa juu ya mashamba ya tangawizi kama mgeni asiye na haraka, kisha huondoka bila kuaga. Sauti Nakiete alikuwa nayo. Siku nyingine alivuma taratibu kama nyuki aliye ndani ya ua, siku nyingine alicheka akitazama maji yanavyochuruzika kutoka kwenye paa. Lakini neno hakuwahi kulitoa. Hakumtazama mtu usoni. Ukimwita hakugeuka, ila kijiko kikianguka nyumba ya pili aliziba masikio. Bibi yake alimpenda kwa ule upendo wenye hofu ndani yake, unaomfanya mtu aamke kwenda kusikiliza kama aliyelala bado anapumua.

Kijiji hicho kilikuwa na nyumba ya watoto. Ilikuwa nyumba ya udongo, ndefu, yenye mlango mmoja na dirisha moja, na humo akina mama waliwaacha wadogo wao walipokwenda shamba, chini ya uangalizi wa mmoja wao aliyebaki kwa zamu. Ndani, ukuta mmoja mzima ulikuwa umechorwa wanyama kwa udongo mweupe, udongo mwekundu na masizi. Walikuwa msafara. Tembo alitangulia, twiga akamfuata, kisha kobe, swala, fisi, nyani, sungura, nungunungu, pundamilia, wote wameelekea upande mmoja. Kati ya ukuta na paa paliachwa nafasi, na mwanga ulioingia hapo ulitembea juu ya ukuta kutwa nzima, ukimgusa mmoja na kumwacha mwingine, hata mtoto aliyelala kwenye mkeka akifumbua jicho nusu aliona kabisa kwamba wanyama wanakwenda. Na kina mama waliwasimulia hivi: wanyama walisikia kuwa ng'ambo ya mlima kuna maji, wakakubaliana waende pamoja, asiachwe mtu.

Kila mnyama alikuwa na mwanamke wake. Ukuta wa udongo haudumu. Mvua za masika zikiisha, akina mama walikusanyika wakaukandika upya, wakapitisha tope laini juu ya ukuta mzima mpaka wanyama wote wakatoweka, na kwa muda wa kunywa uji palikuwa hapana kitu pale ila ukuta mtupu unaong'aa kwa maji. Kisha kila mmoja alimrudisha mnyama wake kutoka kichwani, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake, naye alivyofundishwa na wake. Tembo alikuwa wa Namsifu. Pundamilia alikuwa wa Mama Zefania, mwanamke mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Kobe alikuwa wa Namkunda.

Ila yule wa mwisho kabisa, nyuma ya pundamilia, hakuwa na mtu. Hakuna aliyejua ni mnyama gani. Mguu wake mmoja wa nyuma ulikuwa mfupi kuliko mingine, na kwa ajili hiyo watu walimwita Kiguru, na hilo ndilo lililokuwa jina lake na habari zake zote. Aliyemchora mara ya kwanza, nani ajuaye lini, alikuwa ameukandamiza mstari wake ndani ya ukuta, pengine kwa mfupa, pengine kwa ukucha, hata ukabaki mfereji ambao tope la kila mwaka halikuweza kuujaza. Basi ilikuwa desturi kwamba mwanamke atakayemaliza mnyama wake mapema ndiye atakayempitishia Kiguru udongo uliobaki. Wala haikuwa kazi. Kidole kilifuata mfereji, na macho yaliweza kutazama mlangoni, na mdomo uliweza kuendelea na mazungumzo.

Watoto nao walikuwa na desturi yao. Mtoto akianza kuja katika nyumba ile, alichagua mnyama, na tangu siku hiyo alikaa na kula na kulala chini yake. Walio watundu walimgombea fisi, wapole walipenda swala, na chini ya tembo palijaa kila mwaka mpaka wengine wakasukumwa kwa twiga. Kiguru hakuwahi kuchaguliwa na mtoto yeyote, kama anavyokumbuka mtu yeyote aliye hai. Siku Nakiete alipoletwa, alitembea ukuta wote kutoka kwa tembo, polepole, mkono ukiwa umegusa udongo. Alipofika mwisho, kidole chake kilitumbukia kwenye ule mfereji. Akasimama. Akaufuata kuanzia mahali palipokuwa kama sikio, akapanda, akashuka, akazunguka, mpaka akarudi kwenye sikio. Kisha akaketi, akaegemeza mgongo, akafungua mdomo. Namkunda, aliyekuwa ameshika bakuli tangu asubuhi bila matumaini, akamlisha uji mpaka ukaisha.

Ikawa hivyo kila siku. Nyumbani Nakiete alikula kidogo, kama ndege, na siku nyingine hakula kabisa. Lakini katika nyumba ya watoto alimzunguka kwanza Kiguru kwa kidole chake, sikio hadi sikio, kisha akaketi akala. Watoto wengine walimcheka mwanzoni. "Mchumba wa Kiguru!" walisema. Baadaye walimzoea, kama watoto wanavyozoea kila kitu wakiachwa. Mara nyingine mmoja wao alikwenda kukaa karibu naye bila kusema neno, kisha akaondoka, na Nakiete akavuma.

Namkunda alishukuru kwamba mtoto anakula. Lakini shukrani yake ilikuwa na mwiba. Alimtazama mjukuu wake akiwa chini ya mnyama mwenye mguu mfupi, akawaza: mtoto huyu amejua. Hakuna aliyemwambia, lakini amejua kuwa ana kasoro, na kati ya wote amemtafuta mwenye kasoro mwenzake. Wazo hilo lilimuuma akiwa shambani, likamuuma akiwa jikoni, na kwa kuwa hakulitoa kwa mtu, lilikua.

Mwaka ule masika yaliisha mapema. Akina mama walikuja na ndoo zao, wakasukuma mikeka, wakakandika. Ilikuwa asubuhi ya ukungu, na mlango ulikuwa wazi, na ukungu uliingia mpaka katikati ya chumba, hata wanawake waliokuwa mwisho wa ukuta walionekana kama watu wanaokumbukwa tu. Nje watoto walicheza na matope. Namkunda alimaliza kobe wake kabla ya wengine, maana kobe hana kazi kubwa, akasogea mpaka mwisho wa ukuta akiwa na udongo mweupe mkononi.

"Leo zamu ya kilema imemwangukia Namkunda," Mama Zefania alisema, akimpaka pundamilia mistari. "Mpe mguu, mwenzangu. Tangu nimeolewa hapa namwona anachechemea nyuma yangu, mpaka nyonga zinaniuma mimi."

"Ungekuwa na haya ungemsubiri," Namsifu alijibu kutoka kwa tembo, na wote wakacheka.

Hakukuwa na ubaya katika maneno yale. Wanawake wenye mikono iliyojaa udongo husema hayo na mengine. Lakini Namkunda alibaki amesimama. Lile wazo alilolifuga miezi mingi likafungua macho. Akawaza: mtoto amemshika aliyepinda. Nikimnyoosha yule, pengine na huyu atanyooka. Aliwaza hivyo bila kuona haya, kwa maana mtu anayempenda mgonjwa hujaribu hata yale ambayo angewacheka wengine kwa kuyajaribu. Akainama, akachota tope zito badala ya lile laini, akajaza mfereji wote. Alijaza kwa nguvu, kwa kiganja, mpaka ukuta ukawa sawa. Kisha akachora mnyama aliyemjua vizuri: mbuzi mzuri, mwenye pembe mbili, ndevu, uso mbele kama wenzake, na miguu minne iliyolingana. Mbuzi alikuwa mdogo kuliko yule aliyemfukia, na nafasi ikabaki, na Mama Zefania akampa pundamilia wake mkia mrefu zaidi uliojaza nafasi hiyo.

"Sasa umefanya jambo la maana," Mama Zefania alisema, safari hii bila mzaha. "Angalia anavyopendeza. Hata yeye mwenyewe angeshukuru."

Namkunda aliwatazama wale wanyama wakikauka katika mwanga, na moyo wake ulikuwa mwepesi kama ambavyo haukuwa kwa muda mrefu.

Kesho yake Nakiete aliingia, akatembea kutoka kwa tembo hadi mwisho, mkono ukutani. Kidole hakikutumbukia popote. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena. Akapeleka kidole juu, akakipeleka chini, akampita mbuzi kama asiyemwona, akafika kwenye kona ambako ukuta unaisha. Hakulia. Alisimama kwa muda mrefu ameegemeza paji la uso kwenye udongo, kisha akatoka nje, akaketi kando ya mlango akiwa ameupa ukuta mgongo. Bakuli lilipoletwa, hakufungua mdomo.

Hakufungua siku hiyo wala siku zilizofuata. Namkunda alimletea uji wa maziwa, akamletea ndizi mbivu iliyopondwa, akamletea asali iliyotoka kijiji cha pili. Kilichowekwa ulimini kilitoka na mate. Alikunywa maji kidogo kwa kijiko, na hayo ndiyo yaliyomweka. Muuguzi wa zahanati alimpima, akasema hana homa wala malaria, akampa maji ya sukari na chumvi, akamwambia bibi yake kwamba dawa ya mtoto huyu ni kula, na kwamba asipokula atampoteza. Namkunda alirudi amembeba mgongoni, na njia nzima hakuamini kuwa anabeba mtu, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

Aliacha shamba. Alishinda katika nyumba ya watoto, amemlaza mtoto kizingitini, kwa maana ndani hakukubali kuingia. Na adhuhuri moja, watoto wengine wote wakiwa wamelala, joto limetulia na nzi wamenyamaza, Namkunda alisinzia akiwa amekaa. Akaona mwanga unawagusa wanyama mmoja mmoja, na kila aliyeguswa anashuka kutoka ukutani bila kishindo, anaweka mguu chini, anatembea. Walipita mbele yake wote, vumbi lao likiwa jekundu na laini. Tembo akafika penye maji, akageuka akauliza kama wote wamefika. Mbuzi, aliyekuwa wa mwisho, akajibu kuwa wote wamefika. Hata hivyo hakuna aliyeinama kunywa. Walisimama wakiangalia nyuma ya mbuzi, mahali palipokuwa na nafasi tupu yenye umbo la kitu kikubwa, na vumbi la mahali hapo lilikuwa likitua taratibu, kama kwamba aliyelitimua amepita sasa hivi. Namkunda akajitahidi amwone aliyekuwa katika umbo lile. Akakaza macho. Aliona mguu mfupi. Kingine hakuona.

Alizinduka amelowa jasho. Alitoka akawaita wenzake kutoka mashambani, naye hakuwa mtu wa kuita, kwa hiyo walikuja mbio na majembe yao. Akawaambia alichokifanya na kwa nini alikifanya. Aliwaambia yote, hata lile wazo la kumnyoosha mmoja ili mwingine anyooke. Hakuna aliyecheka. Mama Zefania alimtazama mtoto aliyelala kizingitini, akaona mbavu zake, akakaa chini palepale vumbini.

"Tumrudishe basi," alisema. "Si kuchora tu? Mimi nimempaka yule mara ngapi!"

Kwanza walijaribu kuukwangua ukuta wapate mfereji. Lakini tope lilikuwa udongo uleule wa ukuta, nalo lilikuwa limekauka likashikana na ukuta kuwa kitu kimoja. Walipokwangua, mbuzi alitoka na vipande vikubwa vikatoka naye, mfereji haukuonekana. Wakaogopa kuendelea. Wakasema wamchore kwanza chini, uani, wakubaliane, ndipo waingie ndani. Kila mmoja akaokota kijiti.

Namsifu alichora mguu mfupi wa nyuma, akauunganisha na mwili wa ng'ombe. Mwingine alichora mguu mfupi, akaupa mwili wa mbwa. Mwingine aliapa kuwa shingo ilikuwa ndefu, mwingine akaapa kuwa hapakuwa na shingo. "Mkia ulikuwa kama wa mbwa aliyeiba nyama," alisema Mama Zefania, "umefichwa hivi, unaomba radhi." Lakini alipotaka kuuchora mkia huo, mkono wake ulisimama hewani, kwa maana hakuwa na hakika kama aliwahi kuuona mkia huo au ameuwaza papo hapo. Kichwa je, kilikuwa kimeinama? Masikio yalikuwa mawili? Uso ulielekea wapi? Walibishana, wakafuta kwa nyayo zao, wakachora tena. Jua lilipoanza kuteremka, ua wote ulikuwa umejaa miguu mifupi. Ilikuwa kila mahali, imechorwa vizuri, mpaka ncha ya kwato. Na yote ilining'inia kwenye miili isiyokuwa ya mnyama yule.

Namkunda aliizunguka michoro ile mmoja mmoja. Kisha akawauliza wenzake, na akajiuliza yeye:

"Tukiuondoa mguu, alikuwa nani?"

Walikuwa wanawake wema. Walikuwa wamelea watoto wao na wa wenzao, na kila mmoja wao kwa mwaka wake alikuwa amempitishia Kiguru udongo kutoka sikio hadi sikio. Vidole vyao vyote vilikuwa vimemzunguka. Hakuna aliyekuwa amemtazama.

Ndipo Namkunda alipokumbuka kwamba kulikuwa na kidole kimoja zaidi.

Asubuhi iliyofuata aliingia peke yake na ndoo ya tope. Alikandika mwisho wa ukuta, pale palipobomoka, kwa tope laini tele, akauacha umelowa na mtupu. Hakuchora kitu. Hakumwita mtoto, kwa maana alijua kuwa kumwita hakufai, wala hakumbeba kumwingiza kwa nguvu. Aliketi chini, mgongo kwenye ukuta wa pili, udongo mweupe ukiwa ndani ya kifuu mikononi mwake, akangoja. Wenzake walisimama nje ya dirisha. Ukungu ulipanda, ukaingia, ukatoka. Mwanga ulimgusa tembo, ukamwacha, ukamgusa twiga. Kizingitini Nakiete alikuwa amelala kwa ubavu, na harufu ya tope bichi ilimfikia, maana aliinua kichwa.

Alichukua muda kusimama, miguu ilikuwa haina nguvu. Alisogea akishika ukuta, akapita chini ya tembo, akapita chini ya kobe, akapumzika, akapita kwa pundamilia. Namkunda alitaka kuruka amshike. Aliushika mkono wake mmoja kwa mwingine asifanye hivyo. Mtoto akafika penye tope. Akatazama pale ambapo hapakuwa na mbuzi. Akaweka kidole.

Tope lilipokea. Kidole kilianza penye sikio, kikapanda polepole, na nyuma yake mfereji ukabaki umefunguka. Namkunda akasimama nyuma ya mjukuu wake, akachovya kidole chake mwenyewe katika udongo mweupe, akafuata. Hakuangalia mlangoni. Aliangalia kidole kidogo kinapokwenda, akaenda nacho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamwona mnyama yule. Mgongo ulikuwa mrefu, mpana, umeinuka katikati kama mlima wao unavyoinuka. Kifua kilikuwa kizito. Shingo ilikuwa imegeuka nyuma, si mbele kama za wengine, na uso ulielekea kule msafara ulikotoka, macho chini kidogo, kama anayeangalia njia kuona kama kuna mwingine anakuja. Mkia ulikuwa umeinuka. Haukuomba radhi kwa mtu.

Lakini mpindo wa shingo hiyo ulikuwa bado unaelekea mbele wakati tope lilipokwisha. Kidole kikafika kwenye udongo mkavu, kwenye ule mkia mrefu wa pundamilia, kikakwama, kikakwaruza. Nakiete akaanza kuvuma kwa shida. Dirishani Mama Zefania akashika mdomo.

"Mkia wangu huo," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akaingia ndani na kata ya maji, akalowanisha ukuta, akaufuta mkia wa pundamilia kwa kiganja chake, kisha akafuta na sehemu ya paja. "Pita, mama. Pita tu. Huyu atasogea."

Kidole kikapita. Kikarudi juu ya mgongo, kikashuka nyuma, kikachora miguu ya nyuma, mmoja mrefu, na mmoja mfupi. Wanawake waliokuwa dirishani walikuwa wakiungoja mguu ule, na walipouona, wengine walitikisa kichwa kwa mshangao. Ulikuwapo. Hakuna aliyekuwa amekosea: ulikuwa mfupi, na mnyama yule angetembea kwa kuchechemea popote ambapo angekwenda. Lakini ulikuwa kitu kidogo mno chini ya mnyama mkubwa hivyo. Kidole cha Nakiete hakikukaa juu yake kuliko kilivyokaa penye sikio, au penye tumbo, au penye kwato. Kiliupita kama kilivyopita pengine pote, kikaendelea chini ya tumbo, kikapanda kifuani, kikarudi kilikotoka.

Nakiete akaketi. Akaegemeza mgongo kwenye tope bichi, na gauni lake likalowa, na hakujali. Akafungua mdomo. Namkunda hakuwa na uji, hakuwa amethubutu kuupika. Ni Namsifu aliyekimbia nyumbani kwake akarudi na bakuli la makande ya mtoto wake mwenyewe. Walimpondea punje kwa vidole vilivyojaa udongo mweupe. Alikula taratibu, akapumzika, akala tena. Hakusema neno siku hiyo, wala baadaye hakusema, na hakumtazama mtu usoni. Bibi yake alimlisha akimtazama: paji pana la mama yake, kope ndefu, namna alivyofumba macho kabla ya kumeza kama anayesikiliza kitu kizuri kutoka mbali. Aliona kuwa hakuwa ameviona vitu hivyo kabla, ingawa alikuwa amemwosha uso huo kila asubuhi.

Na ninyi mnaonisikiliza, mnaye mtu nyumbani au jirani mnayemwita kwa upungufu wake: je, akitoweka leo, ni nani kati yenu atakayeweza kumchora?